Misitu Mikavu ya Nairobi

Misitu mikavu ya Nairobi ni mabaki ya msitu wa asili uliotanda zamani upande wa magharibi na kaskazini wa mahali palipojengwa jiji la Nairobi, Kenya. Vipande vyake mashuhuri ni ukanda wa msitu ulio ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, Msitu wa Ngong Road na Msitu wa Karura. Viwili vya kwanza viko jirani na mitaa ya Kibera na Kawangware, na ndivyo vinavyoelezwa zaidi hapa. Miji mikuu yenye vifaru, simba na twiga wa porini kilomita chache kutoka kwenye nyumba za mabati ni ya kuhesabika duniani. Hata hivyo, kwa muda mrefu waliozoea kuingia mbugani ni watalii na wenye magari, ilhali majirani wa karibu wamebaki nje ya ua.

Mimea

Misitu hii iko kwenye mwinuko wa mita 1,600 hadi 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na katikati huwa na miezi mirefu ya ukavu. Kwa sababu hiyo mtu asitarajie miti mikubwa yenye kutona maji kama ya msitu wa mvua wa Kakamega. Miti ya hapa ni ya kimo cha wastani, majani yake ni madogo na magumu, na chini yake kuna vichaka vilivyosongamana. Wakazi wa upande wa Dagoretti huijua kwa majina ya Kikuyu: mutamaiyu, yaani mzeituni mwitu; mukinduri; muthiga, ambao gome lake kali hutafunwa kutibu kifua na meno; na murarachi, unaopendeza mno unapochanua maua ya waridi.

Mti unaostahili kuelezwa kwa kirefu ni muhugu. Mbao zake ni ngumu, nzito, zenye harufu nzuri, na mchwa hawaziwezi upesi. Wakoloni walizitumia kwa sakafu na nguzo za ua. Wachongaji wa Kikamba nao, ambao biashara yao ilianzia Wamunyu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walizipenda kwa vinyago, na mahitaji hayo yakaumaliza muhugu katika sehemu nyingi za nchi. Hukua polepole sana, hivyo uliokatwa leo hauzibiwi pengo na mche wa mwaka ujao. Msitu mwingine wenye muhugu nchini ni Arabuko-Sokoke, katika kaunti ya Kilifi, ulio mkubwa zaidi lakini wa tambarare za pwani.

Wanyama

Mbuga ya Taifa ya Nairobi ina ukubwa wa kilomita za mraba 117. Sehemu kubwa ni uwanda wa nyasi wenye migunga. Msitu uko upande wa magharibi, karibu na geti kuu la Lang'ata, na upande wa kusini Mto Mbagathi umechimba makorongo yenye miti ya mtoni. Mchanganyiko huo ndio unaoipa mbuga ndogo kama hii utajiri wa ajabu. Uwandani kuna punda milia, kongoni, pofu, swala pala, nyumbu, ngiri, mbuni na twiga. Nyati na kifaru mweusi hupenda vichaka. Viboko na mamba hukaa kwenye madimbwi ya mtoni. Chui hulala juu ya miti ya msituni na huonekana kwa nadra hata na askari wa mbuga wenyewe. Tembo hawamo, isipokuwa ndama yatima wanaolelewa na wakfu wa Sheldrick, ulioanzishwa mwaka 1977 kwa kumbukumbu ya mhifadhi David Sheldrick na kuongozwa kwa miongo mingi na mjane wake, Daphne.

Vifaru ndio fahari ya mbuga. Ujangili ulipokaribia kuwamaliza nchini katika miaka ya 1970 na 1980, mbuga hii ilikuwa miongoni mwa makimbilio yao, na kutoka hapa baadhi wamehamishiwa hifadhi nyingine kuanzisha makundi mapya.

Simba nao ni majirani wa kweli, si wa picha. Mbuga imezungushiwa ua pande tatu na kuachwa wazi kusini, kuelekea Kitengela na nyanda za Athi-Kaputiei, ili wanyama wahame na mvua. Lakini mara kwa mara simba hupenya pia upande wa mjini. Mwaka 2016 ulikuwa mbaya: Februari walitafutwa usiku na mchana katika Lang'ata na pembezoni mwa Kibera, Machi mmoja alimjeruhi mtu katika Barabara ya Mombasa, na mwishoni mwa mwezi huohuo dume lililojulikana kwa jina la Mohawk lilipigwa risasi na kufa huko Isinya, kaunti ya Kajiado. Kilio cha umma kilikuwa kikubwa, na kilistahili.

Katika Msitu wa Ngong Road hakuna simba wala vifaru. Waliopo ni kima, tumbili, komba, pimbi, mbawala, dikidiki na fisi.

Ndege

Zaidi ya aina 400 zimeorodheshwa katika mbuga.

Historia

Kabla ya ukoloni Wamaasai walichunga uwandani na Wakikuyu walilima mashamba kando ya msitu. Msitu wenyewe ulikuwa mpaka na soko kati yao. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 injini zilihitaji kuni, na miti ikaanza kukatwa kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana kabla ya hapo. Baadaye mikaratusi ilipandwa ndani ya misitu ya asili kwa ajili ya kuni za reli, na mashamba yake yapo hadi sasa.

Uwanda wa kusini ulikuwa malisho ya pamoja na, wakati wa vita, uwanja wa mazoezi ya jeshi. Aliyepigania uwe mbuga ni Mervyn Cowie, mzaliwa wa Nairobi. Mbinu yake ilikuwa ya kijanja: aliandika barua gazetini kwa jina la bandia la mlowezi mzee, akipendekeza wanyama wote wauawe ili kilimo kistawi. Wasomaji walikasirika, serikali ikasukumwa, na sheria ya mbuga za taifa ikapitishwa mwaka 1945. Mbuga ya Nairobi ilitangazwa Desemba 1946, ikawa ya kwanza nchini Kenya. Sifa za Cowie zimeandikwa kila mahali; wafugaji waliohamishwa kuipisha mbuga hutajwa kwa sentensi moja, na aghalabu hawatajwi kabisa.

Ndani ya mbuga, karibu na msitu, pana uwanja uliochomewa pembe za ndovu. Tarehe 18 Julai 1989 Rais Daniel arap Moi aliwasha moto tani 12, na baadaye mwaka huo biashara ya kimataifa ya pembe ikapigwa marufuku. Tarehe 30 Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta alichoma tani 105 pamoja na zaidi ya tani moja ya pembe za vifaru. Mgeni anaweza kusimama pale na kuyaona majivu.

Kibera na msitu

Kibera ilizaliwa msituni. Askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles na familia zao walipewa makazi hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 eneo la ekari 4,197 likatangazwa kuwa ardhi ya jeshi. Wanubi walifyeka mashamba, wakajenga kijiji cha Makina, wakazika wafu wao, lakini hawakupewa hati. Ardhi ilimegwa awamu baada ya awamu kwa ajili ya mitaa ya wenye uwezo, shule na barabara, huku vijiji vya Kibera vikizidi kubanana. Ilichukua hadi Juni 2017 kwa jamii ya Wanubi kupewa hati ya ekari 288.

Msitu uliokuwa jirani ulimegwa vivyo hivyo. Msitu wa Ngong Road ulipotangazwa rasmi mwaka 1932 ulikuwa na hekta zipatazo 2,900. Sasa zimebaki kama 1,200. Kati ya mwaka wa uhuru na mwisho wa miaka ya 1970 mamia ya hekta yaliondolewa kisheria kwa ajili ya taasisi za umma. Miaka ya 1990 ukafuata unyakuzi wa waziwazi, na ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 kuhusu ugawaji haramu wa ardhi ya umma iliweka misitu ya Ngong Road na Karura miongoni mwa mifano. Inafaa kusisitizwa kwamba vipande hivyo havikwenda kwa maskini wa Kibera wala wa Kawangware, ingawa ni wao wanaolaumiwa mara kwa mara kwa kuharibu msitu. Makosa yao yamekuwa ni kuokota kuni na kukata fito. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliruhusu vyama vya jamii kushiriki katika usimamizi, na kina mama wanaookota matawi makavu wakapata njia ya kufanya hivyo bila kukimbizana na walinzi.

Kiungo kingine kati ya msitu na mitaa ni Mto Motoine. Hutoka upande wa Dagoretti, hupita katika Msitu wa Ngong Road na kuingia Bwawa la Nairobi, chini ya vijiji vya Lindi na Silanga. Bwawa hilo lilijengwa mwaka 1953 kwa ajili ya maji ya jiji, na watu waliwahi kuendesha mashua za tanga juu yake. Leo limefunikwa na magugu na taka. Maji yanayochujwa na miti hutiwa uchafu mara tu yanapotoka msituni, kwa kuwa mitaa haikuwekewa mabomba ya majitaka.

Kutembelea

Mbuga ya Taifa ya Nairobi haitembelewi kwa miguu, isipokuwa katika vituo maalumu vya kushukia kama kwenye madimbwi ya viboko, ambako askari wenye bunduki huwasindikiza wageni. Kwa hiyo gari ni la lazima, na hapo ndipo wengi hukwama. Kwa miaka mingi ada ya raia wa Kenya ilikuwa shilingi 430 kwa mtu mzima na 215 kwa mtoto. Mume na mke wa Kawangware wenye watoto wanne walihitaji shilingi 1,720 getini, na hizo ni kabla ya kukodi gari. Limewahi kuwapo basi la wikendi kutoka katikati ya jiji, na ni mpango uliowafaa watu wasio na magari kuliko tangazo lolote.

Kando ya geti kuu kuna makao ya wanyama yatima, yaliyoanzishwa miaka ya 1960, na njia ya mbao ya Safari Walk, inayopita juu ya msitu, kinamasi na nyasi. Hapa hakuna haja ya gari. Anayetoka Kibera hushuka hadi Barabara ya Lang'ata na kupanda matatu za 125 au 126 zinazokwenda Rongai na Kiserian, akateremka getini. Watoto wengi wa mitaa hii humwona simba kwa mara ya kwanza mahali hapa, wakiwa wamevaa sare na kushikana mikono wawili wawili. Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya, vilivyoanzishwa mwaka 1968 na vyenye makao yake Lang'ata, vimefanya kazi kubwa na ya kusifiwa katika ziara hizo za shule.

Msitu wa Ngong Road hutembelewa kwa miguu au baiskeli, hasa sehemu iliyo karibu na uwanja wa mbio za farasi. Kutoka Kawangware mtu huenda hadi Dagoretti Corner, kisha hupanda matatu ya 111 ya kwenda Ngong. Msitu huu uliwahi kuwa na sifa mbaya ya uporaji. Ua, doria na waongozaji vimeurudishia heshima, lakini kwenda peke yako jioni hakushauriwi. Saa nzuri ni za asubuhi, kima wanapokuwa wakila juu ya mikinduri. Kwa mbuga, miezi ya kiangazi, yaani Januari, Februari na Julai hadi Septemba, ndiyo bora, kwa kuwa nyasi huwa fupi na wanyama hukusanyika kwenye maji.

Karura

Msitu wa Karura, kaskazini mwa jiji, una hekta zaidi ya 1,000. Uliokolewa kutoka kwa wanyakuzi na kampeni ya Wangari Maathai, aliyepigwa na kujeruhiwa huko Januari 1999 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Vijana wa mtaa wa Huruma, ulio ukingoni mwake, walipewa kazi za kuulinda, na njia zake za miguu sasa zinajaa watu kila Jumapili.

Hali ya sasa

Barabara ya Southern Bypass hupita kati ya Kibera na mbuga na kukata Msitu wa Ngong Road. Tangu Oktoba 2019 treni za kwenda Suswa huvuka mbuga juu ya daraja la nguzo lenye urefu wa zaidi ya kilomita 6, lililojengwa licha ya pingamizi za wahifadhi. Kusini, ua na majengo ya Kitengela yanazidi kuziba njia ya wanyama; mpango ulioanza mwaka 2000 wa kuwalipa wafugaji kodi ya kila mwaka kwa kila ekari wanayoiacha bila ua ulipunguza kasi hiyo bila kuisimamisha. Malipo ya kuingia mbugani hufanywa kwa njia ya eCitizen. Mwaka 2025 serikali ilitangaza ada mpya, ambazo kwa raia zilizidi maradufu ya zile za awali.