Antivairasi ya kompyuta ya nyumbani: habari za Lamu tangu enzi za flashi

Wakishajua kwamba kazi yangu ni kuandika programu, watu huniuliza swali lile lile: niweke antivairasi gani kwenye kompyuta ya nyumbani? Zamani nilitaja jina moja nikaondoka zangu. Siku hizi nauliza kwanza kompyuta yenyewe iko wapi na masasisho yataifikiaje. Nilifunzwa hilo na kompyuta moja iliyokuwa Siyu, kisiwani Pate.

Lakini tuanze mbali kidogo. Kirusi cha kwanza kuenea duniani kwenye kompyuta za aina ya PC kiliitwa Brain, na kilitoka Lahore, Pakistan, mwaka 1986. Waliokitunga ni ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliokuwa wakiuza programu za tiba na wamechoka kuona zinanakiliwa bure. Ndani ya kirusi waliandika majina yao, anwani na hata nambari za simu! Brain ilisafiri kwa diski za flopi, mkono kwa mkono, mpaka ikafika Marekani. Intaneti haikuhusika hata kidogo. Miaka 20 baadaye visiwani kwetu mambo yalikuwa yale yale, ila badala ya flopi ilikuwa flashi.

Kompyuta nyingi zilizotufikia Amu miaka ile zilikuwa za mitumba, zenye Windows XP na RAM ya megabaiti 256. Intaneti ilikuwa ya polepole na ya ghali. Kwa hiyo picha za arusi, kaswida, mitihani ya shule na barua za ofisi zote zilitembea kwa flashi: basi kutoka Mombasa hadi Mokowe, boti hadi Amu, kisha boti nyingine iliyongoja maji yajae ndipo ipite Mkanda kwenda Pate. XP nayo ilikuwa na mlango wazi. Ukichomeka flashi na kuibofya mara mbili, Windows ilisoma faili dogo liitwalo autorun.inf na kutii amri zilizoandikwa humo. Watunga virusi hawakuhitaji zaidi ya hapo.

Wenye pesa walinunua Norton, McAfee au Kaspersky. Sisi wengine tulitumia za bure. AVG na Avast zote zilizaliwa Chekoslovakia ya zamani; Avast ilianzishwa Prague mwaka 1988 na Pavel Baudiš na Eduard Kučera, na toleo la bure la nyumbani likaanza kutolewa mwaka 2001. (Mabaharia wa Kiingereza hutumia neno hilo "avast" kuamuru kazi isimame. Jina la kufaa kabisa kwa watu wa bahari.) Antivairasi za wakati huo hazikushughulika sana na programu za kijasusi, zile zinazoiba habari zako na kukumwagia matangazo. Hivyo uliongeza Ad-Aware au Spybot pembeni. Antivairasi mbili kwa pamoja lilikuwa kosa: zilipigana zenyewe kwa zenyewe, na kwa RAM ile mashine haikwenda.

Sasa habari ya Siyu. Ami yangu alikuwa na kompyuta aliyoiwasha kwa jenereta ya jirani. Siyu ni mji wenye sifa ya wanazuoni na wanakili wa misahafu tangu zamani, na ami aliona naye aache kitu. Kwa muda wa miaka 3 alikuwa akiwaendea wazee, akiandika nasaba zao na maneno ya zamani ambayo vijana hawayajui tena. Mimi ndiye niliyemwekea antivairasi. Nilichagua iliyosifiwa kuliko zote kwenye majarida ya nje, toleo la kulipia, kwa namba ya siri niliyopewa na rafiki. Namba ile ikafungiwa. Kuanzia hapo programu haikupata sasisho hata moja, na antivairasi za wakati ule zilitegemea orodha ya alama za virusi vinavyojulikana. Orodha ya mwaka jana haijui kirusi cha mwaka huu. Lakini ile ikoni pale chini ilibaki, na ami akaamini analindwa.

Mwaka 2008 akanipigia simu: mafolda hayafunguki. Nilipofika nilikuta kila folda imekuwa faili la .exe lenye picha ya folda, la kilobaiti chache tu. Nikasema kazi imeliwa. Nikaifomati kompyuta, nikaweka Windows upya, nikajiona fundi.

Miezi kadhaa baadaye, nikisafisha mashine nyingine Amu, nikaelewa. Virusi vya aina ile havikufuta kitu. Viliyaficha mafolda ya kweli na kuweka ya uongo mahali pake. Amri moja, attrib -h -s -r, na kila kitu kinarudi. Kazi ya ami ilikuwa mle ndani mpaka dakika niliyoifuta kwa mkono wangu. Nilimwambia. Alinyamaza, kisha akasema baadhi ya wale wazee wameshakufa.

Tangu hapo niliacha kutazama majarida. Nilichagua za bure zilizoruhusu kupakua faili la masasisho peke yake. AVG, Avast na Avira zote zilikuwa nalo. Kila mwezi nililiweka kwenye flashi na kumpa mtu wa boti. Kirusi kilikuja kwa boti, na dawa yake vilevile.

Halafu mambo yakageuka haraka. Juni 2009 kebo ya TEAMS ilifika Mombasa kutoka Fujairah (safari ya majahazi yetu ya zamani!), na SEACOM ikaanza kazi Julai. Septemba mwaka huo Microsoft ikatoa Security Essentials bure. Februari 2011 ikasambaza sasisho la kuizima Autorun ya flashi kwenye XP na Vista. Windows 8 ya mwaka 2012 ikaja na Defender ndani yake, kinga ya virusi na ya ujasusi pamoja.

Na hao walinzi wa bure? Januari 2020 ilifichuka kwamba Avast, kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot, ilikuwa ikiuza habari za tovuti ambazo watumiaji wake wanazitembelea. Jumpshot ikafungwa, na mwaka 2024 serikali ya Marekani ikaitoza Avast dola milioni 16.5. Niliposoma habari ile nilihesabu nyumba nilizokuwa nimeiweka kwa mkono wangu. Zilizidi 40.

Ami sasa anatumia Defender peke yake. Mwaka jana nilimwonya kwamba Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na antivairasi haizibi matundu ya mfumo ulioachwa, akakubali kubadilisha mashine. Nasaba alizoweza kuziandika upya ziko kwenye diski 2 za nje. Moja iko Siyu. Nyingine nakaa nayo mimi, na kila nikimtembelea huniuliza kama ipo.