Huduma za Muhimbili kwa jamii

Huduma za Muhimbili kwa jamii ni kazi za afya ambazo Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (kifupi: MUHAS) na taasisi nyingine za eneo hilohilo jijini Dar es Salaam huzifanya nje ya wodi na madarasa yao. Ni pamoja na upimaji wa afya katika maeneo ya watu wengi, elimu ya afya, ukusanyaji wa damu, ufuatiliaji wa wagonjwa mitaani na safari za madaktari bingwa mikoani. Wahudumu huziita mara nyingi huduma mkoba au tiba mkoba, kwa sababu mtaalamu hubeba vifaa vyake na kumfuata mgonjwa alipo.

Makala hii inaeleza pia jinsi watu wanaofanya kazi hizo wanavyotambuliwa.

Mahali

Muhimbili iko katika kata ya Upanga Magharibi, ndani ya Jiji la Dar es Salaam. Jirani zake ni bonde la Jangwani na, mbele kidogo, mitaa ya Kariakoo, ambako kuna soko kubwa kuliko yote nchini. Kila siku Kariakoo hupokea wafanyabiashara, wamachinga, wapagazi, mama lishe na wanunuzi kutoka mikoani na nchi za jirani. Kwa hiyo hospitali iliyowekwa kwa ajili ya taifa zima imezungukwa na mojawapo ya maeneo yenye msongamano mkubwa wa watu nchini.

Katika eneo la Upanga kuna pia Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), iliyoanza kujitegemea mwaka 2015. Tawi la Mloganzila, nje kidogo ya jiji, lilizinduliwa Novemba 2017 na kuwekwa chini ya Hospitali ya Taifa mwaka 2018.

Historia

Mizizi ya Muhimbili iko katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo mwenye asili ya Kihindi aliyefariki mwaka 1897. Wakati huo Wajerumani walikuwa wanajenga hospitali yao ya Ocean Road kwa ajili ya Wazungu. Hospitali ya Sewa Haji ilikuwa kwa ajili ya Waafrika na Wahindi, nayo iliendelea kuhudumu katika enzi ya Waingereza.

Mwaka 1956 ilifunguliwa hospitali mpya Upanga, iliyoitwa kwa jina la Princess Margaret wa Uingereza. Baada ya uhuru ikapewa jina la Muhimbili. Shule ya udaktari ilianzishwa mwaka 1963, na mwaka 1968 ikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1976 hospitali na kitivo viliunganishwa kuwa Kituo cha Tiba Muhimbili. Kitivo kilipandishwa hadhi mwaka 1991 kuwa chuo kikuu kishiriki. Mwaka 2000 kituo hicho kilivunjwa na hospitali ikatenganishwa na chuo. Chuo kikapata hadhi ya chuo kikuu kamili, yaani MUHAS, mwaka 2007.

Ingawa hospitali na chuo ni vyombo viwili kisheria, hufanya kazi kwa pamoja: wahadhiri hutibu wodini, na wanafunzi hujifunza kando ya kitanda cha mgonjwa.

Kwa nini hospitali hutoka nje

Mfumo wa afya wa Tanzania umepangwa kwa ngazi. Mgonjwa huanzia zahanati, kisha kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, ya kanda na mwishoni ya taifa. Muhimbili iko katika ngazi ya juu kabisa. Kwa hiyo mkazi wa Kariakoo, ingawa anaweza kufika Muhimbili kwa miguu, kwa kawaida hutakiwa kuanzia kwenye kituo kilicho karibu, kama vile Mnazi Mmoja, au katika hospitali ya rufaa ya mkoa ya Amana, kabla ya kupewa rufaa. Utaratibu huu huzuia hospitali ya taifa isijae wagonjwa wa mafua na malaria isiyo kali.

Hata hivyo, rufaa humsaidia tu mtu anayejua kwamba anaumwa. Shinikizo la damu na kisukari vinaweza kukaa mwilini kwa miaka bila dalili, na mara nyingine dalili ya kwanza huwa kiharusi. Utafiti uliofanyika kati ya 2003 na 2006 kwa ushirikiano wa wataalamu wa Tanzania na Uingereza ulihesabu visa vipya vya kiharusi katika maeneo mawili. Baada ya kurekebisha tofauti za umri, Dar es Salaam ilikuwa na visa vipatavyo 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro ilikuwa na visa vipatavyo 109. Mgonjwa wa aina hiyo akifika Muhimbili kwa rufaa, mara nyingi ameshapooza. Hii ndiyo sababu kuu ya kumpima mtu akiwa bado yuko kazini kwake.

Aina za huduma

Upimaji na elimu

Muhimbili, MOI na JKCI hushiriki kila mwaka katika Maonesho ya Sabasaba, ambako wageni hupimwa shinikizo la damu, sukari, uzito na urefu, na kupewa ushauri. Anayeonekana kuwa na tatizo huelekezwa kliniki. JKCI hupeleka pia madaktari wa moyo mikoani kwa mpango unaoitwa Tiba Mkoba ya Dkt. Samia Suluhu Hassan.

Elimu hutolewa vilevile kupitia redio, televisheni na mitandao ya kijamii. Profesa Mohamed Janabi, aliyeongoza JKCI na baadaye Hospitali ya Taifa, alijulikana nchini kote kwa mazungumzo yake kuhusu ulaji, sukari, unene na kufunga. Maneno yake yalizua mjadala mkubwa, hata utani, lakini yalifanya watu wazungumzie kisukari sokoni na kwenye daladala. Mwaka 2025 alichaguliwa kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika.

Selimundu

Selimundu ni ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu za damu huchukua umbo la mundu, zikaziba mishipa midogo na kusababisha maumivu makali na upungufu wa damu. Inakadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka. Bila uangalizi wengi hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano, na mara nyingi familia haijui sababu.

Programu ya selimundu ya Muhimbili ilianza mwaka 2004 chini ya Profesa Julie Makani wa MUHAS. Huandikisha wagonjwa na kuwafuatilia kwa miaka mingi, na imekuwa mojawapo ya kubwa duniani kwa idadi ya wagonjwa wa kituo kimoja. Wataalamu wake wamefanya majaribio ya kupima watoto wachanga katika hospitali za Dar es Salaam, ili mtoto aanze dawa za kinga kabla ya kuugua. Sehemu kubwa ya kazi yao ni kuzungumza na wazazi, kwa kuwa katika baadhi ya jamii ugonjwa huo umehusishwa na uchawi au mama akalaumiwa peke yake. Kumbe mtoto hupata selimundu kwa kurithi vinasaba kutoka kwa wazazi wote wawili.

Kliniki ya methadoni

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 kujidunga heroini kulienea Dar es Salaam, baada ya kuingia kwa heroini nyeupe inayoyeyuka kirahisi katika maji. Kuchangia sindano kulisambaza virusi vya UKIMWI: utafiti mmoja miongoni mwa waliojidunga jijini ulikuta takriban watu 4 kati ya 10 wameambukizwa.

Februari 2011 ilifunguliwa Muhimbili kliniki ya methadoni, ya kwanza ya umma katika bara la Afrika kusini mwa Sahara, ukiacha visiwa. Methadoni ni dawa ya majimaji ambayo mraibu huinywa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Humwondolea arosto bila kumlevya kama heroini, hivyo anaweza kufanya kazi na kurudi kwa familia yake. Kliniki ilipimia pia virusi vya UKIMWI na kifua kikuu.

Kliniki hiyo isingepata wagonjwa kwa kusubiri rufaa. Waraibu wengi waliogopa polisi na waliona aibu kuingia hospitali. Waelimishaji rika wa asasi za kiraia, baadhi yao wakiwa wamewahi kutumia dawa hizo, walikwenda katika maskani na magofu, wakazungumza na vijana, wakahudhuria nao vikao vya maandalizi na kisha kuwasindikiza hadi kliniki. Katika miaka miwili ya kwanza waliandikishwa watu zaidi ya 600. Wanawake walikuwa wachache, na kwa wengi nauli ya kila siku ilikuwa kikwazo. Kliniki nyingine zilifunguliwa baadaye Mwananyamala na Temeke, na huduma ikaenea katika mikoa mingine.

Damu na dharura

Hospitali hutegemea damu kwa ajili ya uzazi, ajali, selimundu na saratani. Damu hukusanywa kwa ushirikiano na Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ambao kituo chake cha Kanda ya Mashariki kiko Mchikichini, jirani na Kariakoo. Kampeni hufanyika shuleni, katika nyumba za ibada na sehemu za kazi.

Idara ya tiba ya dharura ya Muhimbili, iliyofunguliwa mwaka 2010, ilikuwa ya kwanza ya aina yake katika hospitali za umma nchini. Ukaribu wake na katikati ya jiji ulionekana Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Muhimbili ilikuwa miongoni mwa hospitali zilizopokea majeruhi.

Kutambuliwa kwa wafanyakazi

Njia ya kawaida ya kuwatambua watumishi wa umma Tanzania ni sikukuu ya Mei Mosi. Kila idara au kitengo huchagua mfanyakazi bora, ambaye hupewa cheti na mara nyingi zawadi ya fedha. Wakunga huadhimisha siku yao Mei 5. Wauguzi husherehekea Mei 12, tarehe aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, ambapo huwasha mishumaa na kurudia kiapo chao.

Baadhi ya watafiti wamepata tuzo za kimataifa. Profesa Makani alipewa tuzo ya Royal Society na Pfizer mwaka 2011 kwa kazi yake juu ya selimundu.

Njia nyingine ni majina ya majengo. Jengo la wodi la Sewa Haji linaendeleza jina la mfadhili wa hospitali ya kwanza, na mgonjwa anayeambiwa "nenda Sewa Haji" hulitaja jina hilo hata kama hajui habari zake. Majengo mengine ya wodi ni Kibasila na Mwaisela.

Cheti, hata hivyo, si badala ya mazingira mazuri ya kazi. Januari 2012, na tena Juni mwaka huo, madaktari nchini waligoma wakidai mishahara na posho bora pamoja na vifaa vya kutibia. Muhimbili ilikuwa kitovu cha mgomo huo, na wagonjwa wengi walikosa huduma.

Wanaotambuliwa kidogo zaidi ni watu wasio watumishi wa hospitali: waelimishaji rika na wahudumu wa afya ya jamii. Kwa kuwa hawamo katika orodha ya waajiriwa, hawaingii katika uchaguzi wa mfanyakazi bora, ingawa wao ndio wanaojua mgonjwa anaishi nyumba gani na kwa nini ameacha dawa. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwaandaa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 137,000 nchini kote katika miaka mitano, wakipewa mafunzo na posho.

Changamoto

Kupima bila kutibu ni tatizo la kwanza. Mpagazi anayeambiwa kwamba shinikizo lake liko juu atahitaji dawa kila siku kwa maisha yake yote, na siku ya kliniki ni siku asiyopata kipato. Sera ya msamaha huwahusu watoto walio chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wasio na uwezo. Watu wengine wasioweza kulipa hupelekwa kwa maafisa ustawi wa jamii. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa mwaka 2023, imelenga kupunguza mzigo huo.

Tatizo la pili ni fedha. Programu kadhaa, hasa za UKIMWI na methadoni, zilianza kwa misaada ya nje, kwa sehemu kubwa kutoka Marekani. Nchi hiyo iliposimamisha misaada yake mingi mapema mwaka 2025, ilionekana wazi kwamba huduma za mitaani, zenye wahudumu wa mikataba mifupi, ndizo hutikisika kwanza, wakati wodi na kuta zake hubaki.

Tazama pia
Hospitali ya Taifa ya Muhimbili
Kariakoo
Selimundu
Sewa Haji Paroo
Upanga Magharibi