Darubini ya mara nne yatosha kwa bunduki ya mafunzo

BUNDUKI ndogo ya .22 ndiyo shule ya kwanza ya walengaji shabaha katika mataifa mengi. Risasi yake, iliyoundwa na kampuni ya Stevens ya Marekani mwaka wa 1887, ni ya bei nafuu, haina kishindo kikubwa wala haimgongi mlengaji begani kwa nguvu. Kilipuzi chake hakiko katikati ya kitako cha ganda kama ilivyo katika risasi kubwa, bali kimesambazwa ukingoni.

Mazoezi ya bunduki hii aghalabu hufanywa kwa umbali wa mita 25 hadi 50. Umbali huo mfupi ndio unaopasa kuamua ni darubini ya aina gani itakayofungwa juu yake, ingawa wanunuzi wengi hutazama kwanza idadi ya mara inazokuza.

Mwanagenzi anapoonyeshwa darubini mbili, moja ya kukuza mara 4 tu na nyingine inayoweza kubadilishwa kutoka mara 3 hadi mara 12, huvutiwa na ya pili. Hata hivyo, darubini inayokuza sana hukuza pia mtetemo wa mikono. Msalaba wa kulengea huonekana ukirukaruka juu ya shabaha, naye mlengaji hujaribu kuvizia nukta unapopita katikati ili avute kifyatulio kwa ghafla. Hilo ndilo kosa ambalo mkufunzi atatumia miezi kuliondoa.

Darubini ya ukuzaji mmoja haina lenzi za kusogezwa mbele na nyuma. Kwa hiyo huwa nyepesi, na kwa bei ile ile mtengenezaji huweza kutumia lenzi bora zaidi. Isitoshe, katika baadhi ya darubini hafifu za kubadilisha ukuzaji, risasi huhama mahali pa kutua kila ukuzaji unapobadilishwa.

Kwamba ukuzaji mdogo unatosha si dhana tu. Katika mashindano ya bunduki za .22 yanayosimamiwa na shirika la Civilian Marksmanship Program nchini Marekani, ambapo washiriki hulenga kwa umbali wa yadi 25 na 50 (mita 23 na 46), kanuni za kundi la wanaotumia darubini zimewahi kuweka kikomo cha kukuza mara 6.

Suala zito zaidi, na ambalo halijitokezi dukani, ni lile liitwalo paralaksi. Ndani ya darubini, taswira ya shabaha na alama ya msalaba hukutana mahali pamoja kwa umbali mmoja tu. Katika umbali mwingine wowote, jicho likisogea pembeni, msalaba huonekana kuhama juu ya shabaha ilhali bunduki haijasogea hata kidogo. Ni sawa na abiria wa kiti cha mbele cha matatu anayetazama mshale wa mwendo kwa pembeni: huona tarakimu tofauti na ile anayoiona dereva.

Darubini za bunduki kubwa za uwindaji kwa kawaida hurekebishwa kiwandani kwa yadi 100 (mita 91) au zaidi. Zile zilizokusudiwa .22 hurekebishwa kwa takriban yadi 50. Tofauti hiyo huonekana ndogo hadi ipigiwe hesabu.

Tuseme lenzi ya mbele ina upana wa milimita 32, na darubini imerekebishwa kwa mita 100. Shabaha ikiwa mita 50, jicho lililo ukingoni kabisa mwa lenzi laweza kuleta kosa la milimita 8 kila upande. Shabaha ikiletwa mita 25, kosa hufikia milimita 12. Darubini hiyo hiyo ingalikuwa imerekebishwa kwa mita 50, kosa la mita 50 lingalikuwa sufuri, na la mita 25 milimita 8. Katika shabaha rasmi ya kimataifa ya mita 50, duara la alama 10 lina upana wa milimita 10.4 pekee.

Mwanagenzi ndiye anayeumizwa zaidi na jambo hili. Yeye hufundishwa kulala kifudifudi, kuketi, kupiga goti na kusimama, na kila mkao huliweka shavu lake mahali tofauti kwenye kitako cha bunduki. Akirudi na karatasi yenye matundu yaliyotawanyika, huambiwa amevuta kifyatulio vibaya au amepumua wakati usiofaa. Huanza basi kuusahihisha mkono usiokuwa na kosa, na risasi nyingi huishia hapo.

Kuna njia rahisi ya kuipima darubini kabla ya kulipa, au angalau kabla ya kuanza mafunzo. Bunduki isiyo na risasi hulazwa imara juu ya mifuko ya mchanga na kuelekezwa kwenye alama iliyo mita 50. Bila kuigusa, mtu husogeza jicho juu, chini, kushoto na kulia. Msalaba ukitulia juu ya alama, darubini inafaa.

Upana wa lenzi ukigawanywa kwa ukuzaji hutoa upana wa mwanga unaolifikia jicho. Lenzi ya milimita 32 yenye kukuza mara 4 hutoa milimita 8, zaidi ya mboni inavyohitaji hata jioni. Mlengaji huiona shabaha upesi, ijapokuwa nafasi hiyo kubwa ndiyo pia inayoliruhusu jicho kutangatanga. Darubini nyembamba za milimita 19, zilizozoeleka kwenye bunduki za bei ya chini, huwa na giza na ni vyema kuziepuka.

Wanaoazimia mashindano ya Olimpiki wafahamu kuwa bunduki ya mita 50 hairuhusiwi darubini huko. Hutumiwa kitundu cha kulengea. Na nchini Kenya, hata bunduki hii ndogo haimilikiwi bila cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114.

Vishikizo navyo vilingane na bunduki. Mifereji ya juu ya .22 nyingi za Marekani ina upana wa takriban milimita 9.5, ilhali ya Ulaya ni milimita 11. Vishikizo vifupi ni bora, kwa kuwa shavu hubaki limeegemea kitako. Baada ya kufunga, kila mlio wa kirekebishi cha robo dakika ya pembe husogeza risasi milimita 7 kwa umbali wa mita 100, lakini milimita 1.8 tu kwa mita 25. Anayefanya mazoezi karibu atahitaji kukizungusha mara nne zaidi ya anavyodhani.