Vitu Vilivyofungwa Kwenye Baiskeli ya Msakaji

Kuna baiskeli ya kubeba maziwa, kuna ya mashindano, kuna ya bodaboda yenye kiti cha sponji. Halafu kuna baiskeli ya kusakia makopo. Hii ya mwisho wengi wetu hatujawahi kuiona, kwa hivyo hebu niieleze kuanzia chini kwenda juu.

Tairi zake ni nene na zina meno, za kupita kwenye changarawe na matope. Katikati ya gurudumu la mbele kuna dinamo. Ndani ya ile pembe ya fremu kumebanwa mfuko ulioshonwa kwa umbo hilohilo, na ndani yake mna tyubu, viraka, pampu na maji. Kwenye usukani kuna mfuko mwingine mdogo wenye kalamu, kurunzi, glavu, na kibano cha kuvutia karatasi iliyoviringwa ndani ya kichupa kidogo kuliko kidole. Na juu ya usukani, mahali jicho linapofika bila kuinamisha shingo, kuna kifaa cha GPS.

Mwenye baiskeli hii anacheza mchezo unaoitwa jiokashingi. Mtu mmoja anaficha kopo, anatoa namba zake za latitudo na longitudo, na wengine wanakwenda kulisaka. Ukilipata unaandika jina lako kwenye daftari lililomo. Ukichukua kitu, unaacha kingine chenye thamani hiyo au zaidi. Kisha unalirudisha kopo palepale ulipolikuta. Leo yamefichwa zaidi ya milioni 3 duniani, na Kenya yapo. Kuna wanaosaka kwa miguu na kuna wa magari. Wa baiskeli anafika mbali kuliko wa miguu, na anaweza kusimama popote bila kuhangaika na maegesho.

Ukiitazama haraka utasema hii ni starehe ya watu wenye wikendi tupu. Ni kweli, na hakuna ubaya. Lakini kila kitu kilichofungwa kwenye ile baiskeli kina mahali kilikotoka, na wengi waliokitangulia hawakuwa wakicheza. Tukifungue kimoja kimoja.

Tuanze na ule mfuko wa ndani ya fremu. Siku hizi unauzwa kama ubunifu mpya wa wasafiri wa baiskeli, lakini ukitafuta picha za mwaka 1897 utauona tayari umefungwa. Mwaka uliotangulia, katika Fort Missoula, jimbo la Montana, Marekani, luteni mmoja mzungu aitwaye James Moss alipata ruhusa ya kujaribu kama baiskeli inaweza kuchukua nafasi ya farasi jeshini. Moss alimaliza chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1894 akiwa wa mwisho darasani. Mimi niliyeacha chuo kikuu kabla ya kumaliza siwezi kumcheka. Wanajeshi aliopewa walikuwa Weusi, wa kikosi cha 25 cha askari wa miguu, na wazazi wa wengi wao walikuwa wamezaliwa utumwani.

Tarehe 14 Juni 1897 wanajeshi 20 wa kikosi hicho walitoka Fort Missoula kwa baiskeli kuelekea St. Louis, Missouri. Safari ilikuwa ya maili 1,900, yaani kama kilomita 3,000. Walikuwa na daktari na mwandishi wa gazeti pia. Kila mtu alifunga blanketi na kipande cha hema kwenye usukani, akatia chakula ndani ya kasha la fremu, na bunduki akaivaa. Baiskeli moja iliyopakiwa hivyo ilikaribia kilo 27. Barabara ilipogeuka tope, walihamia kwenye reli na kupanda juu ya mataruma, wakirushwarushwa mbao baada ya mbao. Kwenye vilima vya mchanga vya Nebraska maji ya magadi yaliwaumiza matumbo, na mchanga ukawalazimu kushuka na kusukuma. Walifika St. Louis tarehe 24 Julai na kupokewa na maelfu ya watu.

Halafu? Jeshi likawarudisha kwa treni. Mwaka 1898 vita na Uhispania vilianza, kikosi kikapelekwa Cuba, na habari ya baiskeli ikaishia hapo.

Mmoja wa wale waendeshaji alikuwa sajini Mingo Sanders. Mwaka 1906 yeye na wenzake wa kikosi cha 25 walikuwa Brownsville, Texas, wakati risasi zilipopigwa mjini usiku na mtu mmoja akauawa. Wenyeji wazungu walisema ni wanajeshi Weusi waliofanya hivyo. Hakuna kesi iliyosikilizwa. Rais Theodore Roosevelt aliwafukuza wanajeshi 167 bila heshima na bila pensheni, Sanders akiwemo, baada ya kutumika kwa zaidi ya miaka 25. Jeshi lilisafisha majina yao mwaka 1972. Sanders alikuwa amekufa tangu 1929.

Nasema haya kwa sababu ya njia. Reli nyingi za zamani nchini Marekani ziling'olewa treni zilipoacha kupita, na tuta lake likafanywa njia ya baiskeli. Mojawapo ndefu kabisa ni Katy Trail, kama kilomita 386, ndani ya jimbo lilelile la Missouri ambako safari ya 1897 iliishia. Njia za aina hii ni kama zimeumbwa kwa msakaji wa baiskeli. Hazina magari, mwinuko wake ni mdogo kwa sababu treni haipendi milima, na kila daraja la zamani lina tundu la kufichia kopo. Mtu anapita hapo taratibu na mfuko wake ndani ya fremu. Kina Sanders walipita kwenye reli ikiwa bado reli, kwa amri.

Kitu cha pili ni tairi nene. Hapa kuna furaha kidogo. Miaka ya 1970, katika kaunti ya Marin, California, vijana waliokota baiskeli kuukuu za Schwinn, zile zilizotengenezwa kabla ya Vita vya Pili au karibu na hapo, nzito kama Black Mamba zetu, kwa sababu tairi zake nene zilivumilia njia za milimani. Walikuwa wakiteremka kwa kasi ya kichaa. Breki ilikuwa ile ya kukanyaga pedali kinyumenyume, na ilipata moto hadi grisi ikaungua na kutoka moshi. Ukifika chini ilibidi ufungue kitovu cha gurudumu ujaze grisi upya, na ndiyo maana mteremko wao uliitwa Repack, maana yake kujaza tena. Mashindano ya kwanza yalifanyika hapo tarehe 21 Oktoba 1976. Mwaka uliofuata Joe Breeze, mmoja wa vijana hao, aliunda fremu mpya kwa kazi hiyo. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikaanza kuuza Stumpjumper, na baiskeli ya mlimani ikatoka kwenye gereji za marafiki ikaingia dukani.

Ni hadithi tunayoifahamu hata bila kutajiwa California. Fundi wa Kisumu anayeongeza chuma kwenye keria ili ibebe abiria anafikiri vilevile: chukua kilichopo, kiongezee nguvu pale kinapovunjika. Tofauti ni kwamba fundi wetu hana mtu wa kumwandikia historia.

Basi mwishoni mwa karne mfuko ulikuwapo na tairi ilikuwapo. Kilichobaki ni kile cha juu ya usukani, na hicho kilitoka moja kwa moja vitani.

Jeshi la Marekani lilirusha setilaiti ya kwanza ya GPS mwaka 1978, kwa ajili ya meli, ndege na makombora yake. Mwaka 1983 ndege ya abiria ya Korean Air ilipotea njia ikaingia anga ya Usovieti ikatunguliwa, na watu wote 269 waliokuwamo wakafa. Baada ya hapo Rais Reagan alitangaza kwamba raia nao wataruhusiwa kutumia mfumo huo ukikamilika. Ulikamilika mwaka 1995 ukiwa na setilaiti 24. Lakini ruhusa ilikuwa na hila ndani yake. Ishara waliyopewa raia iliharibiwa makusudi, ikikosea hadi mita 100. Ukiwa na kosa la mita 100 unaweza kujua uko mtaa gani, ila kopo lililo chini ya jiwe huwezi kulipata hata ukeshe.

Tarehe 1 Mei 2000 Rais Clinton alitangaza kwamba uharibifu huo unakomeshwa usiku huohuo. Vifaa vyote vya raia vikawa sahihi mara kumi kwa mpigo, bila mtu kununua chochote kipya. Siku mbili baadaye, tarehe 3 Mei, Dave Ulmer alichukua ndoo nyeusi akaificha karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon. Ndani alitia vitabu, kanda za video, manati, kopo la maharagwe, na daftari. Akaandika namba zake kwenye intaneti. Mike Teague akawa wa kwanza kuipata. Mwezi huohuo Matt Stum akapendekeza jina la jiokashingi, na mwezi wa Septemba Jeremy Irish akafungua tovuti ya Geocaching.com ikiwa na makopo 75 tu.

Mchezo wenyewe haukuzuka hewani. Tangu 1854, kwenye nyika ya Dartmoor, Uingereza, mwongoza watalii James Perrott aliweka chupa huko Cranmere Pool ili wanaofika waache kadi zao. Kipya cha mwaka 2000 kilikuwa usahihi.

Usahihi huo ulihitaji umeme. Vifaa vya mwanzo, kama Garmin eTrex iliyotoka mwaka 2000, vilikula betri mbili ndogo, na msakaji alibeba za akiba kama vile wengine wanavyobeba karanga. Ndipo dinamo ikapata kazi mpya. Sisi tunaikumbuka ile inayosugua tairi na kuunguruma, inayofanya mlima uwe mrefu zaidi. Ya kwenye kitovu inazunguka kimya, na kazi yake ya zamani ilikuwa taa, volti 6 na wati 3. Wati hizo tatu, zikipitishwa kwenye kidude kinachotuliza umeme, zinatosha kuchaji simu au GPS mchana kutwa. Miguu inasukuma baiskeli, baiskeli inalisha kifaa, kifaa kinaelekeza miguu. Ni mzunguko mzuri ajabu, na unakufanya udhani hudaiwi na mtu.

Lakini kuna anayedai. Setilaiti za GPS haziwezi kujitegemea. Saa zake na njia zake lazima zichunguzwe kutoka ardhini na kurekebishwa, la sivyo namba zinaanza kupotoka. Kwa hivyo jeshi lilijenga vituo kuzunguka dunia, na kimojawapo tangu mwanzo kiko kwenye bahari yetu hii ya Hindi, kisiwa cha Diego Garcia, katika funguvisiwa la Chagos.

Kisiwa hicho kilikuwa na watu. Wachagosi wengi ni wajukuu wa watumwa walioletwa kutoka Msumbiji na Madagaska kulima minazi, kwa hivyo damu yao inaanzia pwani hii hii. Uingereza ilikubaliana na Marekani kuwapa wanajeshi nafasi ya kituo, na kati ya 1968 na 1973 ikawaondoa wenyeji wote, kama watu 1,500 hadi 2,000, ikawatupa Morisi na Shelisheli. Mbwa wao walikusanywa wakauawa kwa moshi wa sumu. Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba utawala wa Uingereza huko Chagos ni kinyume cha sheria na ukomeshwe haraka.

Sasa, setilaiti ya GPS huzunguka dunia mara mbili kwa siku. Inayopita juu ya Bahari ya Hindi na kusikilizwa na antena za Diego Garcia itapita pia juu ya Marekani. Mtu anayeshuka kwenye baiskeli yake Oregon au Missouri, akasoma kwenye usukani kwamba kopo liko mita nne kutoka alipo, anasoma kazi iliyofanywa kwenye ardhi ya watu waliofukuzwa. Hata simu inayomwelekeza bodaboda wa Nairobi kwa mteja wake inasoma kazi hiyohiyo. Sisi sote tumo.

Sisemi msakaji atupe kifaa chake. Baiskeli ni mashine ya upole, na kuchukua chombo cha kulengea makombora ukakifanya cha kutafutia kopo la maharagwe ni jambo ninaloliheshimu. Wale vijana wa Marin waliokoa chuma kuukuu, na wasakaji waliokoa ishara ya vita. Ninachosema ni kwamba mchezo huu una sheria moja isiyovunjwa, ile ya kurudisha kitu palepale kilipokuwa. Wanaoucheza wanaichukulia kwa uzito kweli. Kopo likisogezwa hata kwa mita chache, anayefuata ataandika malalamiko.

Mwaka 2006 Wachagosi wapatao 100 waliruhusiwa kwenda visiwani kwao, wakiwa chini ya uangalizi. Walifyeka majani yaliyofunika makaburi ya wazee wao, wakasali, wakaweka maua. Kisha meli ikawarudisha Morisi. Hakuna aliyehitaji kifaa kumwonyesha nyumba yao ilikuwa wapi.