MKE WA PILI ALIKWENDA WAPI?



Kuna mjadala usioisha hapa Kenya. Ukiwa kwenye matatu, saluni au matangani utausikia. Mmoja anasema kuoa wake wawili ni mila yetu, mke mmoja ni mambo ya wazungu. Mwingine anasema sheria ya 2014 imeruhusu, kwa hivyo kanisa linyamaze. Dada anasema afadhali mke mwenza anayejulikana kuliko mpango wa kando. Mwenzake anamjibu: mwanamume anayelemewa na karo ya nyumba moja ataweza ya nyumba mbili?

Kabla hujachukua upande, tembea nami kidogo katika historia. Kuna mtu ambaye mjadala huu humsahau kila mara. Nenda Mwanzo 21 umwone. Hajiri anatolewa nyumbani kwa Ibrahimu asubuhi na mapema, ana mkate na kiriba cha maji, na mtoto wake. Hakujipeleka kwa Ibrahimu. Alipelekwa. Na sasa anaondolewa.

TUSIWASINGIZIE BABU ZETU

Boma la zamani lilikuwa na utaratibu. Kwa Wajaluo mke wa kwanza aliitwa mikayi, wa pili nyachira, wa tatu reru, na kila mmoja alijua nyumba yake inasimama upande gani wa boma. Kwa Wakikuyu kila mke alikuwa na nyumba yake, ghala lake na sehemu yake ya kulima. Mahari ilitolewa mbele ya wazee. Hakuna mke aliyekuwa siri.

Lakini tusipake rangi pia. Kwa Kijaluo, neno la wivu na neno la mke mwenza yana mzizi mmoja. Kiebrania kinafanana na hapo: 1 Samweli 1:6 inamwita Penina kwa neno tsara, mshindani, na neno hilohilo lina maana ya taabu. Hana alilia kila mwaka akiwa na mume aliyempenda. Biblia haifichi. Kuanzia Lameki katika Mwanzo 4:19 hadi Sulemani na wake zake 700 na masuria 300, ukifuata nyumba hizi unakuta machozi.

KANISA LILIPOFUNGA MLANGO

Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana kutoka duniani kote walikutana Lambeth, Uingereza. Wakaamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe. Akae kwenye mafundisho mpaka atakapoweza kuishi kwa sheria ya Kristo. Wake zake wangeweza kubatizwa katika hali fulani. Huo ndio msimamo ambao wamishenari wengi walikuja nao kwetu.

Sikiliza vizuri. Kwamba Mungu alikusudia mume mmoja na mke mmoja, hilo lilikuwa kweli 1888 na ni kweli leo (Mathayo 19:4-6). Sibadilishi hata nukta. Lakini fikiria ilivyokuwa kijijini. Mzee ana wake watatu, ameisikia Injili, anataka ubatizo. Anaambiwa achague mmoja. Huyu anabaki, wale wawili wanaondoka.

Wanakwenda wapi? Ng'ombe wa mahari walishatumika, pengine kumwolea kaka yao. Watoto ni wa ukoo wa baba. Shamba ni la mume. Mzee anaingia kanisani akiimba, na nyuma yake kuna mama ameshika njia kama Hajiri.

Si kwamba hakuna aliyeliona. Askofu John Colenso wa Natal, Afrika Kusini, alipinga jambo hili tangu miaka ya 1850. Hakusikilizwa. Wazee wengi walibaki nje ya mlango, na baadaye makanisa huru ya Kiafrika yalipoanza, mengi yaliwapokea pamoja na wake zao.

Mlango huo ulifungwa miaka 100. Mwaka 1988, katika mkutano uleule wa maaskofu unaoitwa Lambeth, maaskofu wa Afrika, akiwemo David Gitari wetu wa Kenya, walileta hoja hiyo tena. Safari hii uamuzi ulisema mpango wa Mungu ni mke mmoja, lakini mwenye wake wengi akiipokea Injili anaweza kubatizwa pamoja na wake na watoto wake wanaoamini. Masharti: aahidi kutooa tena wake hao wakiwa hai, na kanisa la mahali hapo likubali. Asilazimishwe kumfukuza yeyote, kwa sababu ya mateso yatakayompata.

Sisi Wapentekoste hatukuwa kwenye kikao hicho, lakini swali limefika madhabahuni petu.

SHERIA INASEMA NINI HASA?

Hapa wengi wanachanganya mambo. Sheria ya Ndoa ya 2014 haikuruhusu kila mtu. Ndoa ya Kikristo, ya Kihindu na ya kiserikali ni za mke mmoja. Ndoa ya kimila na ya Kiislamu ndizo zinazoweza kuwa na wake zaidi. Sheria hiyo ilipopita Bungeni Machi 2014, wabunge wanawake walitoka nje kwa hasira, kwa sababu kipengele cha kumshirikisha mke wa kwanza kiliondolewa. Viongozi wa makanisa walilalamika. Rais alitia sahihi Aprili 29.

Kwa hivyo ndugu uliyefungia harusi kanisani, ukioa mwingine kimila, sheria haiitambui hiyo ndoa ya pili. Lakini ukifa, Sheria ya Urithi, kwa marekebisho ya 1981, inaweza kumhesabu mama huyo kama mke katika kugawa mali. Ndiyo maana kuna matanga yanayogeuka kuwa kesi.

Na mali je? Sheria ya 2013 inasema mlichochuma wewe na mke wa kwanza kabla hujaoa mwingine ni chenu ninyi wawili peke yenu. Ukifa bila wosia, kifungu cha 40 cha Sheria ya Urithi kinagawa kwa nyumba, kwa kuhesabu watoto na kumwongeza kila mjane kama kichwa kimoja. Tuseme nyumba moja ina mama na watoto 4, nyingine mama na watoto 2. Hivyo ni vichwa 5 na vichwa 3. Ekari 8 zinagawanywa 5 kwa 3. Yule mikayi aliyelima na wewe miaka 20 akiwa na mtoto mmoja, hesabu hiyo itamuuma.

SASA WEWE

Kijana, usioe wa pili ukisema ni mila. Babu yako alijenga nyumba mbele ya wazee. Wewe umepanga nyumba mtaa mwingine na simu umeigeuza kifudifudi. Hiyo si mila, ni uongo.

Baba uliyeokoka ukiwa na wake wawili, usifukuze mtu kwa jina la Yesu. Usiongeze mwingine. Uongozi wa kanisa waachie wengine (1 Timotheo 3:2). Lisha nyumba zote mbili, andikisha ndoa zako za kimila, andika wosia ukiwa na nguvu. Hata Kumbukumbu la Torati 21:15-17 lilimkataza baba kumnyima mzaliwa wa kwanza haki yake kwa sababu mama yake hapendwi.

Wewe mwenye harusi ya kanisani na nyumba ya siri, tubu. Lakini toba haifuti karo. Watoto hao ni wako, na Katiba, kifungu cha 53, inawapa haki ya kutunzwa na baba, awe amemwoa mama yao au la. Paulo anasema asiyewatunza wa nyumbani kwake ameikana imani (1 Timotheo 5:8).

Na wewe mama unayesoma hii kimyakimya kwa sababu ni wewe wa pili: katika Mwanzo 16 Hajiri alimpa Mungu jina, Mungu aonaye. Alimwona kabla ya kanisa lolote kukaa kikao. Njoo ibadani. Hakuna atakayekuuliza namba yako.

Baba, utupe kushika neno lako bila kumtupa mtu jangwani. Ponya nyumba zetu. Katika jina la Yesu, Amina.

Mtumie mtu mmoja anayehitaji kusoma haya. Ubarikiwe.