Nauli na Kilicho Nje ya Nauli

Neno "nauli" ni neno la baharini. Wayunani wa kale waliyaita malipo ya chombo naulon, Waarabu wakalipokea neno hilo, nasi tukalipata kutoka kwao. Leo tunalitumia kwa basi na hata kwa pikipiki, lakini mtu akitaka kujua nauli ni kitu gani hasa hana budi kurudi baharini. Huko atagundua jambo ambalo wapanda basi hawalioni upesi, nalo ni kwamba nauli haijapata kuwa gharama yote ya safari. Ni sehemu tu, na tangu zamani mwenye chombo ndiye aliyeamua sehemu hiyo iishie wapi. Chakula kiwe ndani au nje? Maji je? Na mashua ya kumfikisha abiria pwani?

Pengine jambo hili limenishughulisha kwa kuwa maisha yangu ya kazi yalipita katika makadirio. Mkuu wa shule ya bweni lazima ajue gunia moja la maharage litalisha wanafunzi wangapi kwa siku ngapi, na kila mwanzo wa muhula mzazi aliyeleta ada aliniuliza swali lile lile: "Mwalimu, hii ada imebeba nini?" Hilo ndilo swali la abiria wa meli pia.

Tuanze na maskini. Katika miaka ya 1840 maelfu ya Waayalandi waliikimbia njaa kwao wakavuka Atlantiki kwenda Marekani na Kanada. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1842 ilimlazimisha mwenye meli ampe kila abiria maji kama lita tatu na nusu kwa siku, na ratili 7 za mkate, biskuti, unga au mchele kwa wiki. Ratili 7 ni kilo tatu na ushei. Gawanya kwa siku saba, utapata chini ya nusu kilo. Hicho kilikuwa kiasi cha kumzuia mtu asife, wala hakikuwekwa kwa nia ya kumshibisha. Nyama, chai na siagi abiria alijibebea mwenyewe kama aliweza, na alijipikia mwenyewe kwenye meko yaliyokuwa juu ya sitaha, kwa kupanga foleni na kugombana. Dhoruba ilipokuja moto ulizimwa, na waliokuwa chini walikula unga mbichi uliokorogwa kwa maji. Safari ilichukua wiki sita, mara nyingine zaidi, na aliyekosea makadirio yake alijua kosa hilo katikati ya bahari.

Katika Bahari ya Hindi mambo hayakuwa mbali sana na hayo. Meli zilizotoka Bombay kuja kwetu zilikuwa na vyumba vya madaraja ya juu, na zilikuwa na abiria wa sitahani, ambao walikuja na magodoro yao, sufuria zao na nafaka zao. Mohandas Gandhi ametuachia kisa kimoja katika kitabu cha maisha yake. Mwezi wa Aprili 1893, akiwa kijana wa miaka 23, alipanda meli kwenda Afrika Kusini. Daraja la kwanza lilikuwa limejaa, naye akakataa kusafiri sitahani, hata afisa mkuu wa meli akampa kitanda katika chumba chake mwenyewe. Baada ya siku kama 13 wakatia nanga Lamu kwa saa chache. Gandhi akashuka kuuona mji. Akawakuta huko baadhi ya abiria wa sitahani aliowafahamu, ambao walikuwa wameshuka ili wapike na kula kwa utulivu nchi kavu.

Walirudi wote katika mashua moja iliyobeba kupita kiasi. Mkondo wa maji ulikuwa mkali, na kila mashua ilipoigusa ngazi ya meli ilivutwa tena nyuma. Honi ya kwanza ilikwisha kulia. Nahodha, ambaye kwa siku hizo alikuwa amekwisha kuwa rafiki wa Gandhi, aliyaona yote akaamuru meli ingoje dakika tano zaidi. Rafiki mmoja akamkodia Gandhi mashua nyingine kwa rupia 10, akahamia humo, na kwa kuwa ngazi ilikuwa imepandishwa, akavutwa juu kwa kamba. Meli ikang'oa nanga papo hapo. Wale wengine waliachwa Lamu.

Kila ninapokisoma kisa hiki nafikiria sufuria zile kuliko ninavyomfikiria Gandhi. Waliobaki pwani walikuwa na tiketi halali kama yake. Walichokosa ni chakula cha amani ndani ya meli, na rupia 10 za kulipia mashua. Watu wengi wanadhani gharama ndogo za pembeni ni za anasa, jambo la kahawa na mvinyo. La hasha. Kwa maskini gharama ya pembeni ndiyo aghalabu inayoamua kama atafika.

Sasa tuwatazame matajiri, ambao nao walikuwa na hesabu zao. Mwaka 1867 meli ya Quaker City iliondoka New York na Wamarekani waliotaka kuona Ulaya na Nchi Takatifu kwa starehe tu, wala si kwa biashara wala kuhama. Mwandishi Mark Twain alikuwa mmoja wao, na kitabu alichokiandika baadaye kimetuhifadhia tangazo la safari ile. Nauli ilikuwa dola 1,250 kwa mtu mzima. Waandaaji walisema wazi kwamba abiria anayependa kubaki melini bandarini hatatozwa chochote zaidi, na kwamba mashua za kwenda na kurudi pwani zitalipiwa na meli. Kisha wakamshauri kila abiria akadirie dola 5 za dhahabu kwa siku kwa matumizi ya nchi kavu.

Hapa mwalimu huchukua chaki. Safari ilidumu miezi mitano na zaidi. Mtu aliyetumia dola 5 kila siku kwa siku 150 angetumia dola 750, na hizo ni za dhahabu, ambayo miaka ile baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe ilikuwa na thamani kubwa kuliko noti za karatasi. Kwa hiyo matumizi ya pembeni yangeweza kuikaribia nauli yenyewe. Lakini waandaaji wale nawasifu, maana walilitaja jambo hilo mapema, kabla abiria hajatoa fedha mfukoni. Ni uungwana ambao haukudumu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mstari ulikuwa umesogea. Makampuni ya Atlantiki yalishindana kuwavuta wahamiaji, na chakula kikaingia katika nauli hata kwa daraja la tatu. Katika Titanic, mwaka 1912, abiria wa daraja la chini aliyelipa kama pauni 7 alikula mkate mpya, nyama na viazi bila kuongeza senti, na wengi hawakuwa wakila hivyo kwao. Jambo la ajabu ni kwamba malipo ya pembeni yalikuwa yamehamia juu, kwa wenye fedha. Hamamu ya Kituruki ilikuwa na ada yake. Simu ya maandishi ilikuwa shilingi 12 na senti 6 za Kiingereza kwa maneno kumi ya kwanza, na senti 9 kwa kila neno lililozidi. Hiyo shilingi 12 na nusu ni karibu sehemu moja ya kumi na moja ya nauli ya mtu wa daraja la tatu, kwa salamu tu.

Na palikuwa na mkahawa wa pekee. Abiria wa daraja la kwanza alikuwa amekwisha kulipia milo yake katika nauli, lakini akitaka aliweza kwenda kulipa tena katika mkahawa ule, akachagua vyakula na saa ya kula. Aliyetoa taarifa mapema kwamba atakula huko tu alipunguziwa nauli. Mwenye kuuendesha alikuwa Mwitaliano, Luigi Gatti, na wapishi na wahudumu wake zaidi ya 60, wengi wao Waitaliano na Wafaransa, walikuwa watu wake yeye, si waajiriwa wa kampuni ya meli kama mabaharia wengine. Meli ilipozama, Gatti alikufa, na katika watumishi wa mkahawa ule walinusurika watatu tu: wanawake wawili wa kupokea malipo na karani mmoja wa jikoni. Wahudumu wa meli yenyewe nao walikuwa na hesabu yao, kwa maana kwa desturi ya wakati ule mshahara wa baharia ulikoma saa ile ile chombo kilipozama. Bakshishi walizotarajia kuzipata bandarini New York zilizama pia.

Miaka ya kati naipita upesi. Ndege zilipowachukua abiria wa Atlantiki, meli kubwa zilibaki bila kazi, na wafanyabiashara wachache wakazigeuza kuwa hoteli zinazoelea. Mwaka 1972 Ted Arison alianzisha kampuni ya Carnival huko Miami kwa meli moja kuukuu, Mardi Gras, ambayo katika safari yake ya kwanza ilikwama kwenye mchanga karibu na Miami. Kampuni ilikuwa na fedha kidogo na meli isiyo na sifa. Ikauza tiketi kwa bei nafuu, ikatafuta faida katika baa, kamari na burudani. Watu wa tabaka la kati ambao hawakuwahi kuota kusafiri kwa meli wakaja kwa wingi, na washindani wakaiga. Tangu hapo nauli imekuwa kama mlango wa duka.

Kiasi cha jambo hili kinaonekana katika hesabu za makampuni yenyewe. Mwaka 2019, kabla ya ugonjwa wa korona kuzisimamisha meli, Royal Caribbean ilipata mapato ya karibu dola bilioni 11. Tiketi zilileta kama bilioni 7.9, na mauzo ya ndani ya meli pamoja na mengineyo yakaleta kama bilioni 3.1. Maana yake, katika kila dola kumi, karibu tatu zilitoka nje ya nauli.

Mwaka 2018 binti yangu anayefanya kazi Ulaya alinilipia safari ya siku saba katika Bahari ya Kati. Nilikwenda na daftari la mraba, kama nilivyozoea. Chakula cha ukumbi mkubwa kilikuwa ndani ya nauli, tena kizuri na kingi. Nje ya nauli kulikuwa na soda, kahawa ya baa, maji ya chupa, migahawa midogo yenye meza za vitambaa, intaneti, kufuliwa nguo, na daktari. Ukiugua melini unalipa, na afadhali uwe na bima. Fedha taslimu hazitumiki. Unapewa kadi inayofungua chumba na kulipia kila kitu, na mkono hausikii uzito wa kile unachotoa. Binti yangu alitaka tulipie vinywaji vya safari nzima kwa mkupuo. Nikamwuliza, "Mwanangu, utakunywa vikombe vingapi kwa siku?" Tulipohesabu tukaona mpango ule unamfaa mnywaji hodari tu. Zaidi ya hayo, katika makampuni mengi mtu mmoja akiununua, mwenzake wa chumba lazima aununue, na meli nyingi za Kimarekani huongeza ada ya huduma juu yake. Tukaacha.

Huko Civitavecchia, bandari ya Roma, tulipanda treni badala ya basi la meli, kwa kuwa treni ilikuwa nafuu mara kadhaa. Hata hivyo msomaji ajue kinachonunuliwa katika bei ile kubwa ya basi. Basi la meli likichelewa, meli hulingoja. Mwenye treni hana wa kumngoja, ataachwa kama walivyoachwa wale wa Lamu. Tulirudi saa mbili kabla ya muda.

Kila siku kadi yetu ilitozwa pia Yuro 10 kwa kila mtu, kwa jina la huduma. Katika kaunta niliwaona abiria wakipanga mstari siku ya mwisho waombe ifutwe, na ilifutwa, maana ilikuwa ruhusa. Mhudumu wa chumba chetu alikuwa kijana wa kutoka Mombasa. Siku ya kwanza aliposikia tukizungumza alisimama akasema, "Shikamoo, mzee," nami nikafurahi kana kwamba nimemwona mwanafunzi wangu. Nilimwuliza kuhusu ile Yuro 10.

"Mzee, ile inaingia chungu kimoja, halafu tunagawana. Wakifuta wengi, sisi tunaiona mwisho wa mwezi."

"Na saa za kazi, mwanangu?"

"Asubuhi mpaka usiku, ila mchana napata kulala kidogo."

Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013, unaruhusu kima cha chini cha mapumziko cha saa 77 kwa wiki. Wiki ina saa 168. Toa 77, zinabaki 91. Nilimfanyia kijana hesabu hiyo kwenye daftari langu, naye akaitazama, akacheka kidogo, akasema, "Ndizo hizo hizo, mwalimu." Kisha akaitwa chumba cha pili.