Kung'oa jino

Kung'oa jino ni tiba ya kuondoa jino lote, pamoja na mizizi yake, kwenye mfupa wa taya. Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kama Umoja, Kayole na Dandora, ndiyo tiba ambayo wengi huiomba jino likianza kuwanyima usingizi. Daktari huchoma sindano ya ganzi, hulilegeza jino, kisha hulitoa kwa koleo. Mgonjwa huuma shashi kwa takriban nusu saa ili damu igande. Siku hiyo hasukutui kwa nguvu, kwani donge la damu likitoka, mfupa hubaki wazi na kuuma vikali.

Kwa anayelipa taslimu, kung'oa huonekana nafuu, na kweli ni nafuu kuliko kusafisha mzizi. Lakini ulinganisho wa haki ni na kuziba tundu lingali dogo, maana pengo nalo lina gharama: meno jirani huliinamia na kutafuna huharibika. Kinga kuu dhidi ya kuoza kwa meno ni kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi. Wapo wanaoikwepa wakihofia meno ya kahawia. Hofu hiyo ina msingi, ila chanzo cha kawaida ni maji ya visima virefu yenye floraidi nyingi, yanayonywewa utotoni meno yakiendelea kuumbika; kwa mtu mzima, dawa ya meno haileti madoa hayo. Mtoto wa chini ya miaka 3 hupakiwa kiasi cha punje ya mchele tu.